Swali Tulilolizima



Jioni moja, katika mafundisho ya kipaimara huku kwenye milima ya Masisi, tulikuwa tumezunguka taa moja ndogo ya betri. Binti mmoja akauliza: "Mwalimu, nasikia urani ilitoka kwetu Kongo. Mbona haituangazii?" Tulimjibu kwa ufupi kwamba hayo ni mambo ya mabomu, kisha tukarudi kwenye somo. Akanyamaza. Jibu lile limetusumbua tangu siku hiyo, kwa maana sisi tuliosomea ualimu tunajua kosa la kuzima swali la mtoto. Leo tunamjibu upya, nanyi mkisikia.

Ni kweli kwamba urani ya Shinkolobwe, kule Katanga, ilitumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 1959 kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kiliwashwa katika Chuo Kikuu cha Lovanium, mjini Kinshasa. Chuo hicho kilikuwa cha Kikatoliki, na mkuu wake, Monsinyori Luc Gillon, alikuwa padri na mtaalamu wa fizikia. Kinu kile hakikutoa umeme. Kilikuwa cha masomo na utafiti. Basi, kumbe mambo ya atomu yalikwisha kufundishwa kwetu, tena si kwa ajili ya mabomu.

Kinu cha umeme hufanya kazi hivi: kiini cha urani kikipasuka hutoa joto, joto huchemsha maji, na mvuke huzungusha mtambo. Hakitoi moshi, wala hakingoji jua au mvua. Ndiyo sababu Afrika ya Kusini imekitunza kituo chake cha Koeberg tangu mwaka 1984, na mataifa kadhaa huiweka nyuklia kando ya maji, jua na upepo, ili kimoja kikipungua kingine kishike zamu. Tusilidharau jambo hilo.

Hata hivyo, kinu hudai amani. Hata kikizimwa, joto lake la ndani haliishi mara moja. Ni lazima kiendelee kupozwa. Kule Fukushima, Japani, Machi 2011, tsunami ilikata umeme wa kupoza, na vinu vitatu vikayeyuka ndani. Tufikirie basi huku kwetu, Masisi na Walikale, ambako barabara hufungwa kwa vita na kijiji kizima hukimbia usiku mmoja, magodoro kichwani. Nani angebaki kukilinda kinu? Na taka zake, zinazodumu maelfu ya miaka, zingeachiwa nani?

Kwa sasa, mwanga wetu uko karibu zaidi. Jirani zetu wa Rutshuru wana mtambo wa maji wa Matebe, uliozinduliwa Desemba 2015, wenye megawati zipatazo 13, na umeme wake umefika hadi Goma. Walikale ina mto Lowa. Paneli chache juu ya paa la kituo cha afya zatosha kumwangazia mama anayejifungua usiku. Na watu wakilazimika kukimbia, haziachi taka za mionzi nyuma yao.

Lakini tusidhani kwamba mtambo peke yake huleta haki. Umeme wa Inga husafiri takribani kilomita 1,700 hadi migodi ya Katanga, ukipita juu ya vijiji vyenye giza. Koltani ya Rubaya na bati la Bisie huingia katika vifaa vya dunia nzima, nasi twasoma kwa taa ya betri. Kwa hiyo, kila nishati iulizwe kwanza: utamwangazia nani?

Binti yetu, utusamehe. Soma fizikia. Siku amani itakapokuja, Kongo itahitaji watu wake wenyewe wa kupima, kukubali au kukataa. Nanyi vijana mtakaofundisha wadogo zenu, swali gumu likija, msilizime kama sisi.