Sauti ya Baba

Kwetu Buyenzi, hapa Bujumbura, tuna mashine ya CD ambayo marehemu baba aliinunua kabla sijazaliwa. Aliacha pia CD moja iliyorekodiwa katika arusi ya shangazi yangu, nayo ndiyo yenye sauti yake pekee tuliyobaki nayo. Mama huipiga kila Idi. Mwaka jana, ilipofika mahali baba aanzapo kumwusia bibi arusi, maneno yakakatika kama ya mtu mwenye kwikwi. Mama akaizima, asiseme neno.

Mimi nikajiona fundi. Nikaitwaa ile CD, nikaisugua kwa shati langu, mviringo baada ya mviringo. Nilipoirudisha, mambo yakazidi kuharibika.

Basi nikamwendea mzee mmoja wa mtaani atengenezaye redio. Akaitazama kwenye mwanga, akatikisa kichwa. "Mwanangu, umeisugua kama sufuria! Njia ya sauti huzunguka, toka ndani kwenda nje. Mkwaruzo unaoikata njia hiyo hupoteza kidogo tu, na mashine hujaziliza. Lakini mkwaruzo unaofuatana nayo hupoteza mengi, mashine ikashindwa. Futa kwa kitambaa laini, toka katikati moja kwa moja hadi ukingoni." Akanifundisha na mengine, wala hakutaka malipo.

Nyumbani nikafanya hivi. Kwanza, nalichomoa waya wa umeme, nikafungua kifuniko. Ndani mna jicho dogo, ndiyo lenzi, ambamo mwali wa leza hupita kuisoma CD. Lilikuwa limefunikwa na vumbi la kiangazi. Nikalipangusa taratibu kwa kijiti cha pamba chenye alkoholi kidogo ya duka la dawa, nikangoja likauke. Angalieni sana: msilichungulie jicho hilo mashine ikiwa inawaka, kwani mwali wake hudhuru macho.

Pili, naliishusha mashine kutoka juu ya spika, nikaiweka juu ya meza nzito, maana mtikisiko huisumbua isomapo.

Tatu, nalizikagua nyaya. Kumbe kwenye spika moja nyekundu na nyeusi zilibadilishana mahali! Spika moja ilipoisukuma hewa, ya pili iliivuta, na sauti nene zikauana. Nikazirudisha, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi.

Nne, nalizitoa spika pembeni mwa chumba, nikaziinua juu ya matofali. Ule mvumo kama wa pipa ukatoweka.

Gharama yote ilikuwa pamba na alkoholi.

Usiku nikamwita mama. Ngoma zikalia, vigelegele vikasikika, kisha baba akaanza kusema, sauti yake wazi kama aliyeketi nasi. Neno moja tu lilikatika, pale shati langu lilipokwaruza. Nikainama kwa haya.

Mama akatabasamu. "Hapo alisema 'subira'," akaniambia.

Wenzangu, mtu asikimbilie kununua kipya kabla hajasafisha na kupanga vema alicho nacho. Na mwenye CD asiyoweza kuipata tena, ainakili kwanza, ndipo aiguse. Mimi sasa nimekwisha kuinakili ya baba, pamoja na pengo lake. Kila nifikapo hapo, nalitamka mwenyewe lile neno.