Jino Katika Pindo la Kanga

Bibi alipokuja mara ya pili hakuuliza kama nina nafasi. Aliingia, akaitikia shikamoo yangu, akafungua pindo la kanga taratibu kama mtu atafutaye nauli, akaniwekea mezani jino moja. La mbele, la juu, kushoto. Pleti yenyewe ya meno ya bandia niliyomtengenezea, pamoja na vikulabu vyake vya waya, aliitoa mwisho kutoka kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka.

"Limetoka, mwanangu."

Nikamuuliza alitafuna nini. Kila nikikumbuka naona haya kwamba hilo ndilo lililonitoka kwanza. Nilikuwa nimekwisha kumwandalia makosa: muhogo wa kuchoma, hindi, mfupa.

"Nilikuwa nakunywa uji," akasema, kwa upole, kana kwamba anauombea uji radhi.

Nikaligeuza jino chini ya taa. Jino lililong'olewa kwa nguvu kwa kawaida huondoka na kipande cha ufizi wa bandia, kama mche unavyotoka na udongo wake. Hili kitako chake kiling'aa, safi, kama jino ambalo halijapata kukaa popote. Nilijua maana yake, nikajifanya sijui. Nikachukua gundi ya dukani, ile inayoshika mpaka vidole, nikalibandika, nikamwambia asubiri robo saa. Sikumtoza. Nadhani hata nilijiona mkarimu.

Wiki chache baadaye pindo likafunguliwa tena.

Mzee aliyenifundisha kazi hii alikuwa na jino la kauri kwenye droo yake, la zamani, lenye vipini viwili vidogo vya chuma mgongoni. Alipenda kutupa tulishike. Kauri, alikuwa akisema, haishikani na akriliki. Ni mgeni, lazima afungwe. Lakini jino la akriliki na ufizi wa akriliki ni ndugu, wataungana wenyewe, mradi usiweke kitu kati yao. Tulitikisa vichwa. Nilidhani nimeelewa, na labda nilielewa, kwa namna mtu anavyoelewa jambo ambalo halijamgharimu.

Kitu chenyewe ni nta. Kwanza meno hupangwa kwenye nta, yakazikwa kwenye plasta ndani ya flaski, kisha flaski huchemshwa, ikafunguliwa, nta ikamwagwa. Meno hubaki yamenasa kwenye plasta, vitako vikitazama juu. Hapo ndipo huoshwa kwa maji yanayochemka yenye sabuni, halafu tena kwa maji mengine yanayochemka, masafi. Nta iliyobaki huioni. Ukimwagia maji ndipo huonekana: hujikusanya vitone, yakateleza, kama juu ya jani la mgimbi.

Siku nilipotengeneza pleti ya bibi ilikuwa Ijumaa jioni. Nilikuwa na flaski tatu na gesi iliyokuwa inaelekea ukingoni. Birika moja nililigawa mara tatu, na flaski ya bibi ilikuwa ya mwisho, maji yakiwa yamekwisha kupoa. Mengine yote niliyafanya kama kitabu: sehemu 3 za unga wa akriliki kwa 1 ya kimiminika chake, nikangoja donge liache kunata vidoleni, nikalipika polepole kwenye nyuzi 74, maana kimiminika kile huchemka nyuzi 100 na kitu tu, na mwenye haraka hupata akriliki yenye vitundu kama mkate. Nilikuwa mwangalifu kwa yanayoonekana.

Hata hivyo, siwezi kuapa kuwa ilikuwa nta. Huenda brashi ya dawa ya kutenganisha, ile tunayopaka kwenye plasta ili akriliki isigande nayo, ilipita juu ya kitako. Yote mawili huacha mng'ao uleule. Nimejaribu kuchagua moja, na nimegundua nachagua lile linalonipunguzia lawama, kutegemea siku.

Safari ile pindo lilipofunguliwa tena, nilikikwaruza kitako mpaka mng'ao ukaisha, nikachonga kijifereji, nikakilowesha kwa kimiminika, nikaliunga jino kwa akriliki. Nikamwambia, "Bibi, kosa lilikuwa langu, si la uji." Maneno machache tu, lakini nilikuwa nimeyazungusha mdomoni tangu asubuhi. Akacheka, akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga.

Alipita tena msimu wa maembe, kunisalimia tu. Jino lipo. Nilimtazama akizungumza, na kila cheko lilipokuja, kanga ilipanda. Labda ni mazoea ya miaka aliyokaa na pengo. Labda haliamini jino. Labda ni mimi. Nikamtilia chai, nikamkatia mkate. Aliuchovya kwanza, akangoja ulainike, kisha akautafunia upande wa kulia.