Kabla Hujamwandikisha Mtoto

Mwanangu mpendwa,

Huku Muheza hatujambo, mvua imechelewa lakini michungwa imebeba. Swali lako la shule nimekaa nalo, kwa sababu jambo la mtoto halijibiwi kwa ujumbe wa mstari mmoja.

Umeniambia umehamishiwa zahanati huko Usangi, na mtoto anatakiwa kuanza darasa la kwanza Januari. Shule ya jirani ni ya serikali, ina watoto kama 90 kuanzia awali hadi la saba, na mwaka jana walifanya mtihani wa kumaliza watoto 12, wakafaulu tisa. Baba yako amepiga hesabu akapata asilimia 75, akasema hiyo ni shule ya kawaida tu, mtoto abaki Moshi kwa bibi yake. Mumeo yeye anataka bweni.

Bweni liondoeni kwanza. Tangu 2023 serikali imezuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na hata isingezuia ningewaambia hivyohivyo: mtoto wa miaka sita analala kwao.

Sasa hiyo asilimia 75. Kaka yangu namheshimu, ila hapa simuungi mkono. Palipo na watahiniwa 12, mtoto mmoja ni zaidi ya asilimia nane. Mmoja akiamka na malaria siku ya mtihani, mwingine akifiwa na mzazi mwezi huo, watu watasema shule imeporomoka. Mwaka unaofuata wakitokea watoto wawili wepesi, watasema imepanda, na walimu ni walewale, ubao ni uleule. Baraza la Mitihani lenyewe lilikuwa likizipanga shule zenye watahiniwa chini ya 40 kando na zile zenye 40 na kuendelea, na mwanzoni mwa 2023 likaacha kabisa kutangaza orodha za shule kumi bora. Kwa hiyo ukitaka kutumia matokeo, chukua ya miaka mitano, uyajumlishe, uwe na watoto hamsini au sitini mbele yako. Uangalie pia wamefaulu vipi. Masomo ni sita, kila moja alama 50, jumla 300, na anayefikisha 121 ameshapata C, anahesabiwa amefaulu. Shule iliyojaa C za kuponea chupuchupu na shule iliyojaa B zote mbili zinaweza kuandikwa ufaulu wa asilimia 100.

Kuna swali jingine ambalo halimo kwenye karatasi ya matokeo. Hao 12 walipoandikishwa la kwanza walikuwa wangapi? Mwalimu mkuu ana rejista ya uandikishaji, mwombe akuoneshe. Kama walikuwa 14 na wawili wakahama na wazazi wao, hakuna neno. Kama walikuwa 25, ujue kuna watoto walioachwa njiani, na mara nyingi hao ndio waliomhitaji mwalimu kuliko wote. Shule iliyopoteza nusu ya watoto wake inaweza kutangaza ufaulu inaoutaka, mimi hauniambii kitu.

Usidhani naudharau mtihani. Ila nakumbuka mwaka 2012, ilipobainika kwamba maelfu ya watoto waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Walikuwa wamefaulu la saba! Miaka hiyohiyo watafiti wa mpango wa Uwezo wakawa wanapita nyumba kwa nyumba na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, wakakuta watoto wengi wa madarasa ya juu hawaiwezi. Tangu hapo nikiulizwa shule fulani ikoje, siulizi habari za la saba. Nauliza darasa la pili wanasoma?

Nimefundisha la kwanza na la pili maisha yangu yote ya kazi, na hili ndilo ninalotaka ulifanye. Nenda shuleni, pitia ofisini, jitambulishe, umwombe mwalimu mkuu ruhusa ya kukaa na darasa la pili. Uwe umeandika karatasi yako nyumbani, kwa herufi zilizo wazi: “Mama amepika makande. Mbuzi ameingia jikoni. Nani atamtoa?” Usichukue sentensi kitabuni, kwa sababu kitabu wameshakikariri. Utaona mtoto anakutiririshia ukurasa mzima macho yakiwa dirishani, na mgeni anapiga makofi. Huyo hasomi, anaimba. Mpe karatasi yako. Uweke kidole katikati ya neno, umwulize hapa pameandikwa nini. Silabi za konsonanti moja wengi watakupa: ma, ka, pi. Darasa linafunuka kwenye mbu, nge, nywa, ng'o. Mtoto akifika kwenye “mbuzi” akasita, akaibana midomo, akatoa sauti, akaunganisha, kisha akacheka kwa sababu ameelewa mbuzi amefuata nini jikoni, huyo amefundishwa. Kicheko hicho kinanitosha kuliko cheti chochote.

Usimsomeshe mtoto aliyechaguliwa na mwalimu. Waite wanaokaa nyuma. Na ukimaliza umwulize mwalimu, kwa upole na bila kumtega: ni nani bado hajajua kusoma, na unamfanyia nini? Shule ya watoto 90 ina kama watoto 11 kwa darasa, na darasa la watoto 11 halina kisingizio hapa. Mimi nilipokuwa na watoto 100 na ushee chumba kimoja nilihitaji rejista kukumbuka wengine. Mwalimu wa watoto 11 atakutajia majina papo hapo, atakuambia huyu anachanganya b na d, yule bibi yake ni mgonjwa anakuja siku tatu kwa wiki, huyu nabaki naye nusu saa baada ya kengele. Ukijibiwa “hawa watoto wa huku ni wazito”, aga kwa adabu uondoke. Hilo ndilo jibu baya kuliko yote utakayopata, baya kuliko paa linalovuja.

Omba na madaftari. Daftari lenye vema nyekundu kila ukurasa lisikufurahishe haraka. Tafuta kosa. Likiwa limezungushiwa, na chini yake mtoto ameandika tena kwa usahihi, na mwalimu amerudi akaweka vema ya pili, basi kuna mtu anayesoma kazi za watoto. Kukiwa na kurasa na kurasa za kunakili ubaoni bila kosa hata moja, hapo watoto wanachora tu.

Kitu kitakachokushtua ukifika ni kwamba huenda ukakuta la kwanza na la pili chumba kimoja na mwalimu mmoja. Usikimbie. Elewa kwanza kwa nini. Ikama ya walimu wa msingi inahesabiwa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Kwa hesabu hiyo kavu shule ya watoto 90 ingestahili walimu wawili, wakati madarasa ni manane ukiweka na awali. Wakubwa wa elimu huongeza kidogo, lakini mwalimu akihama, shule ndogo ndiyo inayosubiri muda mrefu kupata mwingine, kwa sababu kwenye makaratasi haionekani ina upungufu. Fedha nazo ni hivyohivyo. Ruzuku ya uendeshaji imepangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 ndizo za kuingia shuleni na 4,000 ni za vitabu. Watoto 90 ni shilingi 540,000 za mwaka mzima, kwa chaki, karatasi za mitihani na bawaba za milango. Shule ya watoto 900 inapata mara kumi ya hizo, na kengele ni moja kote kuwili. Kwa hiyo ukiona ukuta haujapakwa rangi, usimhukumu mwalimu mkuu kwa ukuta. Mhukumu kwa kile alichofanya na hiyo laki tano na ushee. Mapato na matumizi yanatakiwa yabandikwe ubao wa matangazo, kayasome.

Madarasa yaliyounganishwa yanaweza kufundishwa vizuri sana. Nimeyaona. Mwalimu anayejua kazi anawagawa: upande mmoja wanaandika kitu alichokwisha kuwaeleza, upande wa pili wanasoma naye kwa sauti, baada ya dakika kumi na tano anageuka. Mdogo wa la kwanza anadokoa ya la pili bila kuambiwa. Mwalimu asiyejua anafundisha darasa moja na kuliambia lingine “nyamazeni”. Ukikaa kipindi kimoja tu utajua uko kwa nani.

Jambo la walimu kuwepo lichunguze kimyakimya. Kutoka Mwanga mjini kupanda huko juu Usangi ni safari, na nyumba za walimu vijijini ni chache. Uliza wangapi wanalala kijijini. Nenda siku ya gulio, au Ijumaa mchana, au asubuhi ya mvua, upite tu kama mtu mwenye safari zake. Wewe ni muuguzi, unajua zahanati isiyo na mtu inanukaje hata milango ikiwa wazi. Mwalimu mkuu mwenyewe awe anaingia darasani kufundisha. Katika shule ya ukubwa huo, anayekaa ofisini siku nzima ameinyima shule mwalimu.

Vyoo viangalie, mtoto wako ni wa kike. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20, na kwa wavulana 25, na shule ndogo kwa kawaida inalifikia hilo bila shida, kwa hiyo usiridhike na idadi. Mlango unafungwa kwa ndani? Maji yapo? Waulize wasichana wa la sita, usimwulize mwalimu wa zamu. Uji wa saa nne upo au haupo, na wazazi wanachangia mahindi kwa utaratibu gani, hilo utaambiwa dukani kabla hujafika shuleni.

Vitabu: mtoto wako ataingia kwenye mtaala ulioanza la kwanza Januari 2024, ule wa elimu ya msingi ya miaka sita. Uliza vitabu vyake vimefika vingapi, kisha uangalie viko wapi. Vikiwa vimechakaa pembeni na vina alama za vidole, vizuri. Vikiwa kabatini vimefungwa vizuri kama vyombo vya harusi, waulize vinasubiri nini.

Baba yako atakuambia habari za shule za Kiingereza, suruali za kijivu na basi la njano. Mjukuu wangu anazungumza Kiswahili fasaha na Kipare cha bibi yake. Ajifunze kusoma kwa lugha anayoielewa, akishajua kusoma Kiingereza atakifuata. Hapo sina mengi.

Ukikuta darasa la pili wanasoma, hata kama si wote, na mwalimu anawajua wale wasiosoma, mwandikishe, usingoje mwakani. Na ukishamwandikisha ingia kwenye mambo ya shule. Shule yenye watoto 90 ina wazazi wachache, na wanaohudhuria kikao ni wachache zaidi. Kwenye shule ya mjini ungekuwa jina kwenye orodha, hapo sauti yako itasikika kikao cha kwanza. Gombea kamati ya shule nafasi ikitokea. Uliza mthibiti ubora alikuja lini mara ya mwisho na ripoti yake iliagiza nini, maana ripoti hizo husomwa na wachache na zimejaa mambo ya maana. Ukikuta hawasomi, na hakuna anayeumizwa na hilo, mwache Moshi kwa bibi mwaka mmoja, huku wewe ukiendelea kuwabana mpaka wabadilike, kwa sababu hao watoto wengine 90 hawana bibi Moshi.

Ukishaenda niandikie. Nataka kujua walisomaje ile ya mbuzi, na jina la mwalimu wa la kwanza. Kadi zangu za silabi bado ninazo, nimezitengeneza kwa maboksi ya sabuni na wino haujafifia. Nitampelekea kwa basi, mwambie azitumie asizitunze.

Msalimie mumeo, mbusu mtoto.

Shangazi yako.