Bambo la Mzee wa Ghala

Nilipokwenda Nachingwea kufunga mitambo ya kuhifadhi kumbukumbu za ofisi moja ya wakulima wa korosho, nilijiona fundi hasa. Ofisi hiyo siitaji, maana kosa lilikuwa langu. Kulikuwa na kompyuta kubwa mbili, na ndani yake seva pepe saba, yaani seva zisizo na mwili wa peke yake. Zote zilitunza data katika kasha moja la diski nane: majina ya wakulima, uzito, malipo.

Diski nilizipanga kwa RAID 5, kwa kuwa mpango huo hula nafasi ya diski moja tu kwa ajili ya ulinzi. Nikapima kwa faili la gigabaiti moja. Kasi ikanifurahisha, nikatia sahihi, nikapanda basi kwenda Ruangwa kufunga kasha la pili, la kupokea nakala kila usiku.

Oktoba msimu ukafunguliwa, na simu ikanikuta hukohuko: seva zimeganda. Niliporudi nilikuta watu wameketi chini ya mwembe tangu alfajiri. Mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, hiyo mashine imelimeza jina langu?"

Mzee mtunza ghala alinisikiliza nikijieleza, bambo lake mkononi.

"Bwana mdogo," akasema, "wewe umechoma gunia la juu tu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kasha lilikuwa na kache ya gigabaiti nne, na faili langu lote lilitulia humo. Diski zenyewe sikuzigusa. Tena seva saba huandika vipande vidogo vidogo huku na huku kwa wakati mmoja, na katika RAID 5 kila andiko dogo hudai kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma hesabu ya ulinzi, kisha kuziandika upya zote mbili. (Nachingwea ina kumbukumbu ya mambo haya. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947, reli ikajengwa kutoka pwani kungojea mavuno. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na reli ikafungwa 1962.)

Dawa ilikuwa RAID 10, ambayo hula nusu ya nafasi lakini huandika mara mbili tu. Hata hivyo, kubadili mpango ni kufuta diski zote. Majina yale yangebaki Ruangwa peke yake, katika nakala ambayo sikuwahi kuirudisha hata siku moja.

Basi uzito ukaandikwa daftarini, nami nikaenda Ruangwa kuziamsha seva zote kutoka kwenye nakala. Sita ziliamka. Ya malipo ilikataa: nakala yake ilichukuliwa hesabu zikiwa zimeandikwa nusu. Nilitokwa jasho. Nikaagiza Nachingwea wasimamishe programu ya malipo, nakala ikachukuliwa upya, ikaamka. Hapo ndipo nilipofuta.

Safari hii nilipima kwa data iliyozidi kache mara ishirini, vipande vidogo, kusoma na kuandika pamoja, seva zote saba, usiku kucha. Saa nane za usiku nikachomoa diski moja kwa makusudi. Kasi ikapungua, kazi haikusimama.

Asubuhi nikamwita yule mama. Akainama kwenye kioo, akasoma polepole jina lake na kilo 312.

"Na zile za jana, za daftarini?" akauliza.

Nikavuta kiti, nikaanza kuziingiza.