Gurudumu la Fundi

Ukuta wa kibaraza cha babu, Miembeni, Zanzibar, nimeujua katika rangi tatu. Ya kwanza chokaa. Chokaa haina mwenyewe: mtaka kahawa alikaa, mtaka dhumna alikaa, na muuza kashata alitua sinia lake bila ya kuuliza.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, siasa ikahamia barazani. Mitaani zikaota maskani zenye rangi za vyama na ubao wa chaki. Ule wa Kisonge, Michenzani, watu walipita makusudi kuusoma. Na sisi tukapaka. Sitaji rangi gani, maana babu alikufa bila ya kusema kura yake anampa nani, nami namwekea siri yake. Siku ya pili fundi cherahani, aliyekaa pembe ile tangu sijazaliwa, alipita na kiti chake mkononi akenda kukaa kichochoro cha nyuma. Hakugomba. Alitoa salamu, ikaitikiwa, basi. Alipofiwa na mkewe nilifuatana na bibi matangani. Wanaume wa kibarazani kwetu hawakwenda.

Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif, kiongozi wa upinzani, wakakutana Ikulu, na tarehe 31 Julai 2010 kura ya maoni ikaruhusu serikali ya umoja wa kitaifa. Vijana wakaja na ndoo ya chokaa. "Pakeni," babu akawaambia, "lakini msiuache mtupu. Atakuja mwengine aujaze."

Binamu yangu, mwandika vibao vya maduka, akachora kwa makaa mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na sisi, ndiyo tukaitwa Ng'ambo. Watoto wa skuli hawakuamini kuwa Darajani pamewahi kuwa na daraja. Hata hivyo waliijaza bahari kwa rangi walizookota majumbani, nayo ikatoka kijani kama mlango wa jirani. Darajani wakavushwa watu wa mtaa: muuza kahawa, mama wa maandazi, bibi na khanga zake. Mzee mmoja asiyeona aliuliza yeye kawekwa wapi. Mtoto alimshika mkono akamwekea kidole juu ya uso wake, rangi mbichi bado. Alama ya kidole ikabaki shavuni, tukakataa isifutwe.

Fundi alikuja jioni, akatazama sana.

"Cherahani yangu mmeiwacha bila ya gurudumu."

"Chora mwenyewe, fundi," babu akasema, akasogea kumpa nafasi.

Akalichora, kombo kama yai.

Uchaguzi ulipofutwa Oktoba 2015 kibaraza kilipwaya tena, na usiku mmoja mtu asiyejulikana akaumwagia ukuta rangi. Tukasugua. Daraja likaondoka na sabuni, na nusu ya bibi. Picha zilizobaki sasa zinaliwa na chumvi, kila masika zinabanduka vipande. Gurudumu lipo. Fundi alilipaka kwa rangi ya mafuta.