Nilikwenda Tokyo na orodha ya mpwa wangu

Usiku wa kuamkia safari, mpwa wangu mwenye miaka 13 alinipa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mamdogo, ukifika huko usisahau," alininong'oneza, macho yakiwa kwenye mlango wa jikoni alikokuwa mama yake. Nilipoifungua nikakuta mistari mitano: Dragon Ball, Naruto, Pokémon na magemu mawili ya PlayStation 2. Chini ameandika kwa herufi kubwa, "ORIJINO, NA KAVA LAKE."

Najua wapo wazazi watakaouliza mtoto wa leo anataka CD ya nini wakati kila kitu kipo kwenye simu. Nami nilishamuuliza. Alinijibu kwa maneno matatu: "CD haili bando." Kisha akaongeza kuwa rafiki yake alikuwa akifuatilia katuni kwenye programu ya simu, siku moja akaifungua akakuta imeondolewa. Ya kwake iko kwenye boksi, haiondoki.

Hilo boksi ni la viatu vya baba yake. Ndani zimo CD na DVD ambazo amezikusanya tangu darasa la tatu, nyingi zikiwa zile za kurudufiwa za machinga, kava lina filamu moja na ndani unakuta nyingine, au zile za "20 ndani ya moja" ambazo tano tu ndizo zinazocheza. Anazifuta kwa kitambaa cha miwani. Ana daftari la kuziorodhesha. Mtoto huyohuyo ukimwambia apange shati lake kabatini, utasubiri.

Ila tangu Julai mwaka jana boksi lilikuwa juu ya kabati la mama yake, na yeye haruhusiwi kuligusa.

Ilikuwa hivi. Jioni moja akiwa kwenye kibanda umiza cha mtaani kwao, katikati ya katuni, alianguka, akakakamaa, kisha mwili ukaanza kurusharusha. Wenzake walikimbia. Mtu mzima mmoja, kwa nia njema kabisa, alimwingiza kijiko mdomoni na kumvunja jino. Kabla hajarudiwa na fahamu, jirani alishatoa jibu: ni mapepo yaliyomo kwenye katuni za Kijapani. Dada alizunguka naye wiki tatu, kwenye maombi na kwa mzee mmoja anayetoa dawa za kunusa.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeshaandika makala kuhusu kifafa si chini ya mara tatu. Wiki hizo tatu dada yangu wa tumbo moja hakunipigia simu. Nilipomuuliza kwa nini, alisema aliogopa nitamwandika gazetini. (Nimemuomba ruhusa kabla ya kuandika haya. Amekubali, kwa sharti nisitaje mtaa.)

Hatimaye mtoto alifika hospitali, akapimwa umeme wa ubongo, akaanzishiwa vidonge. Daktari alimmulika kwa taa za kuwakawaka wakati wa kipimo na hakuona kuwa mwanga ndio unaomchochea. Alisema kinachomponza ni kulala usiku sana, na kwamba dozi isirukwe hata siku moja. Lakini dada alishachagua adui wake, na adui alikuwa ndani ya boksi la viatu.

Kwa hiyo niliposhuka kwenye treni ya Yamanote, ile inayozunguka Tokyo kama duara, nilikuwa na karatasi mfukoni na sikuwa na hakika kama nina haki ya kununua chochote. Mafunzo yaliyonipeleka huko yalikuwa ya wiki mbili, na Jumapili hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu pekee ya kupumua.

Kituo kinaitwa Akihabara. Ukitokea upande ulioandikwa mji wa umeme unaingia moja kwa moja kwenye makelele: mabango ya katuni yenye urefu wa ghorofa nzima, muziki kutoka kila mlango, wasichana wakigawa vipeperushi. Jumapili mchana barabara kuu ya Chuo Dori hufungwa kwa magari, watu wanatembea katikati ya lami.

Mimi nilianzia pembeni, chini ya reli. Pale kuna vichochoro vyembamba vya vibanda, kila kimoja kikiuza nyaya, swichi, balbu ndogo na vipuri ambavyo sivijui jina. Nikacheka peke yangu. Ni Kariakoo, isipokuwa hakuna anayekuvuta mkono. Na huo ndio mwanzo wa mtaa wote. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, watu walikusanyika hapa kuuza vipuri vya redio barabarani, na mwishoni mwa miaka ya 1940 wakaondolewa barabarani na kuhamia chini ya reli. Baadaye familia za Tokyo zikawa zinakuja kununua friji, mashine za kufulia na televisheni. Miaka ya 1980 zikaingia kompyuta. Wateja wa friji walipohamia maduka makubwa ya nje ya katikati ya jiji, vijana wa magemu na katuni wakachukua nafasi.

Duka la kwanza kwenye orodha yangu lilikuwa Super Potato. Unapanda ngazi nyembamba, magemu ya zamani yamejaa ghorofa ya tatu hadi ya tano. Ukutani zimepangwa katriji za Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka mwaka 1983, nyekundu, bluu na za njano kama peremende. Kila moja imefungwa kwa nailoni na kibandiko kidogo kinachoeleza kasoro zake: kava limechubuka, kijitabu hakipo, jina la mwenye nalo wa kwanza limeandikwa nyuma kwa kalamu. Hicho cha mwisho kilinigusa. Kuna mtoto aliandika jina lake pale miaka 40 iliyopita, na kitu chake bado kinacheza.

Ghorofa ya juu kuna mashine za zamani za kuchezea kwa sarafu ya yen 100. Baba mmoja alikuwa amekaa kwenye kistuli na binti yake wa kama miaka saba, anamwelekeza kidole kipi kibonye wapi. Baba ndiye aliyekuwa akipiga kelele.

Niweke jambo moja la kazi yangu hapa, maana sikuweza kulitoa kichwani. Katriji nyingi za zamani zina betri ndogo ya duara ndani, ndiyo inayokumbuka mchezaji alipofikia. Ndani ya katriji imechomelewa, si rahisi kuitoa. Lakini betri za namna hiyo zimo kwenye rimoti, wanasesere, na kadi zinazoimba. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili. Usimtapishe, usisubiri itoke yenyewe, mkimbize hospitali. Wajapani wenyewe wanalijua tatizo la watoto kumeza vitu: kadi za magemu ya Nintendo Switch, ambazo ni ndogo, zimepakwa kemikali chungu iitwayo denatonium ili mtoto ateme. Mwenzangu wa mafunzoni alikuwa na moja. Nimeionja. Uchungu ulidumu mpaka chakula cha usiku.

Jambo jingine, mzazi unayenunua magemu ya mtumba hapa nyumbani unaweza kulitumia. Kasha la gemu la Kijapani lina herufi ya umri: A ni kwa wote, B kuanzia miaka 12, C miaka 15, D miaka 17, na Z, yenye rangi nyekundu, ni ya miaka 18 na kuendelea. Nimeshaona Z kwenye meza ya machinga, katikati ya katuni za chekechea. Muuzaji hana kosa, hasomi Kijapani.

Kutoka hapo nilikwenda Mandarake, jengo jeusi lenye ghorofa nane za vitu vilivyowahi kuwa vya mtu. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1980 na mchora katuni, Masuzo Furukawa, kwenye jengo la Nakano Broadway upande mwingine wa jiji. Kwenye rafu za DVD watu wanasimama kimya. Mzee wa makamo aliyevaa suti Jumapili alikuwa akilinganisha nakala mbili za filamu ileile kwa dakika kumi nzima, anazigeuza, anatazama kikaratasi kinachozunguka kava. Nikamwona mpwa wangu akiwa na miaka 50.

Nikaipata Pokémon. Nikaishika, na mkono ukasita.

Kila mwandishi wa afya aliyesoma kuhusu kifafa anaijua tarehe 16 Desemba 1997. Jioni hiyo televisheni za Japani zilionyesha sehemu ya Pokémon iliyokuwa na mwanga mwekundu na bluu uliopokezana kwa kasi kwa sekunde chache. Watoto wapatao 685 walipelekwa hospitali, baadhi wakiwa na degedege, wengi wao wakiwa hawajawahi kuugua kifafa. Katuni ile ilisimamishwa hadi Aprili 1998, na sehemu hiyo haikurudiwa tena. Vituo viliweka kanuni za mwanga, na ndiyo sababu katuni nyingi za huko huanza na maandishi yanayomwambia mtoto aangalie kwenye chumba chenye mwanga na akae mbali na kioo.

Kwa hiyo jirani wa dada hakuwa amekosea kabisa. Kuna watu ambao mwanga wa kuwakawaka huwaangusha, ingawa ni wachache miongoni mwa wenye kifafa, na kipimo hospitalini huonyesha. Mwenye tatizo hilo mwanga ukimkuta ghafla afunike jicho moja kwa kiganja na ageuke pembeni. Mpwa wangu alipimwa na hakuwa miongoni mwao. Nilijua hayo yote. Bado mkono ulisita.

Nikampigia dada WhatsApp. Tokyo ilikuwa saa tisa alasiri, Dar saa tatu asubuhi, anatoka kanisani.

"Dada, niko kwenye duka la CD."

Kimya.

"Amekutuma, eh?"

"Amenituma. Nisiponunua sitakulaumu. Ila nataka tuamue wote."

Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Hakuna ya taratibu?"

Nikairudisha Pokémon, nikahamia rafu nyingine. Magemu niliyaacha yote, ni ya Kijapani kitupu. Filamu nayo ina mtego wake: DVD za Japani ni za kanda namba 2, na sisi Tanzania tuko kanda namba 5, hivyo deki iliyofungwa kwa kanda moja itaikataa. Ukitumiwa DVD na ndugu wa nje ikagoma, mara nyingi sababu ni hiyo, haijaharibika. Bahati nzuri deki ya dada ni ya Kichina ya bei rahisi, inakula chochote.

Nilichukua *My Neighbor Totoro*, ya mwaka 1988, yenye sauti ya Kiingereza pia. Filamu ya dada wawili wanaohamia kijijini na baba yao ili wawe karibu na hospitali alikolazwa mama. Hakuna anayepigana na hakuna mwanga wa kuwakawaka. Mwongozaji wake, Hayao Miyazaki, alikua huku mama yake akiugua kifua kikuu cha uti wa mgongo kwa miaka mingi. Kasha lilikuwa na mkwaruzo mmoja, na kibandiko kiliusema.

Jumamosi iliyofuata tuliiangalia Tabata nilikopanga. Mpwa wangu aliishika kama yai. Alinusa kava. Uso ulimshuka kidogo alipoona si Pokémon, hakusema kitu, na nilimshukuru kimoyomoyo. Taa iliwashwa, yeye kakaa nyuma kwenye kochi, dada kwenye kiti cha mlangoni kama mtu anayejiandaa kukimbia. Saa mbili usiku simu ya dada ililia, mtoto akameza kidonge chake bila kuambiwa, macho kwenye televisheni.

Katikati ya filamu dada alikuwa ameshahama mlangoni.

"Huyo mama anaumwa nini?" aliuliza.

"Hawasemi. Nadhani TB."

"Na watoto wameambiwa?"

"Wameambiwa kidogo."

Hakujibu. Filamu ilipoisha aliichomoa mwenyewe kwenye deki, akaitazama upande unaong'aa, akaipuliza, akairudisha kwenye kava.

"Zile nyingine ziko ngapi kule juu? Arobaini?"

"Arobaini na tatu," mpwa wangu alisema. "Na hii arobaini na nne."