Kamera Ikizimwa, Mama Anabaki

Mwaka 2006, kelele za "filamu ya mapanki" zilipopamba moto, nilikuwa sekondari. Watu wazima mtaani waligombana kuhusu filamu ambayo wengi wao hawakuwa wameiona. Ni Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyotoka 2004: minofu ya sangara wa Ziwa Victoria inapanda ndege kwenda Ulaya, mapanki yanabaki Mwanza. Rais Kikwete mwenyewe aliikosoa hadharani. Nilipoitazama baadaye, nikiwa mwandishi wa habari, swali langu lilikuwa moja tu: hawa waliorekodiwa, maisha yao yaliendeleaje?

Chuoni tulifundishwa kwamba dokumentari ina watu halisi, mahali halisi na matukio yasiyotungwa. Nikajibu hivyo kwenye mtihani, nikafaulu. Kumbe maana hiyo inavuja. Katika Nanook of the North ya Robert Flaherty (1922), mhusika mkuu hakuitwa Nanook, aliitwa Allakariallak. Alionyeshwa akiwinda kwa chusa wakati watu wake walishazoea bunduki, na nyumba ya barafu ilijengwa nusu ili mwanga uingie. Bado tunaihesabu kuwa dokumentari. Kwa hiyo kutotunga pekee hakutoshi kuitambulisha.

Jibu langu nililipata kwa aibu. Miaka michache iliyopita nilimrekodi mama mmoja mkaanga samaki. Mwanga ulikuwa mbaya, nikamwomba awashe moto upya, mara tatu, kwa kuni zake mwenyewe. Katikati ya mazungumzo akalia, akasema mumewe hatumi hela. Nilipozima kamera akaniuliza, "Mwanangu, na hapo nilipolia, wakwe zangu wataona?"

Nikamjibu kwamba fomu ameshasaini. Akanyamaza, akageuza samaki.

Kwenye uhariri, kipande kile ndicho kilichobeba kazi nzima. Nikakiacha. Nikapongezwa sana, na kusema kweli nilifurahi.

Miezi kadhaa baadaye nikampigia kumjulia hali. Akapokea mtoto. Nikasikia minong'ono, kisha sauti ndogo ikarudi: "Shikamoo. Mama anasema nikwambie hayupo."

Mwigizaji akimaliza kazi hufuta rangi usoni, akarudi kwao. Yule mama hakuwa na pa kurudi, maana nilimkuta kwao na nikamwacha hapohapo, na majirani zake, na wakwe zake. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya dokumentari; mengine, kama sauti ya msimulizi au picha za kumbukumbu, yanafuata.

Siku hizi kabla kazi haijatoka naenda na laptop, tunakaa, mhusika anaitazama. Akisema toa, natoa. Mhariri wangu anadai nazidhoofisha kazi zangu, na kuna siku namkubalia. Ila sijasahau ile sauti ya mtoto, tena iliyoanza na shikamoo.